Alama Tano Zilizochukua Jumatatu Yangu

Jumatano, jioni. Joto la kabla ya mvua, lile linalofanya mabati yalie bila mtu kuyagusa. Nimekaa barazani kwangu hapa Nsemulwa, Mpanda, miguu kwenye beseni la maji, laptopu mapajani. Chakula kipo jikoni ila sina hamu nacho.

Ngoja niseme kabla sijaghairi.

Nina wivu.

Si wivu wa mapenzi, huo nilishaumaliza zamani. Huu ni wivu wa kazi. Namuonea wivu kijana mmoja anaitwa Kefasi, na kibaya zaidi naionea wivu programu yake, kitu ambacho hakina pua wala ukoo. Kijiba cha roho kimenikaa mwezi mzima, na juzi kimemuumiza mtu ambaye hakunikosea chochote.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye ofisi ndogo pale Shanwe. Tunawatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya josho, lile birika refu la dawa ambalo ng'ombe wanaogeleshwa ili kupe wafe. Wengi ni Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao, wametawanyika kwenye vitongoji na makambi ya mbali. Josho ni moja, siku ni moja, Jumatatu, na dawa ikishachanganywa haisubiri mtu. Mfugaji akikosa wiki mbili tatu, hasa mvua zikianza, ndigana, ile homa ya kupe, inaingia zizini na kumaliza ndama.

Mfumo wa kutuma huo ujumbe niliuandika mimi. Ulikuwa na kitufe kimoja kinachosema "Tuma". Kila Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa naamka, nabonyeza, narudi kulala. Saa kumi na moja kwa sababu ndiyo saa mfugaji anasimama kwenye mlango wa zizi na kuamua leo ng'ombe waelekee wapi. Nimebonyeza nikiwa na malaria. Nimebonyeza asubuhi ya harusi ya mdogo wangu, kichwa kimejaa rola. Miaka miwili hivyo. Nilikuwa namlalamikia kila mtu kwamba silali, na nilikuwa naipenda hiyo kazi kufa.

Mwisho wa kila ujumbe niliweka jina langu, Dada Sabina. Basi sokoni nikitaja jina, mtu ananigeukia: "Wewe ndiyo Sabina wa josho?" Wenzangu wanajulikana kwa vyeo, mimi najulikana kwa kupe, na nilikuwa nimeridhika kabisa.

Akaja Kefasi.

Katokea Mishamo. Umri wake miaka ishirini na nne, kajifunza programu kwenye simu iliyopasuka kioo, mimi nina diploma ya miaka mitatu na kofia ya mahafali imo kabatini. Wiki yake ya kwanza akaniuliza, kwa heshima zote, "Dada, kwa nini unaamka?" Nikacheka. Nikadhani anatania. Kumbe alikuwa anataka kujua kweli.

Kwenye kompyuta kuna kitu kinaitwa ratiba ya kazi. Unaandika mstari mmoja wa alama tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Pale pasipo na sharti unaweka nyota. Kisha unataja programu ipi iamke wakati huo. Itaamka yenyewe, wiki baada ya wiki, hakuna mtu anayeshika kitu. Mimi hayo nilifundishwa. Nilifaulu hata mtihani wake. Sikuwahi kuyatumia kwenye josho, na leo ndiyo nakubali kwamba sikutaka.

Kefasi akaandika: sifuri, mbili, nyota, nyota, moja. Kompyuta huhesabu saa kuanzia saa sita usiku, na ile moja ya mwisho ndiyo Jumatatu. Nilipoona ile mbili roho yangu iliruka. Nikasema huyu kakosea, ujumbe utakwenda saa nane usiku, wafugaji watamtukana mpaka ajute. Nikauchuna. Nimetembea kutoka Shanwe mpaka nyumbani natabasamu peke yangu. Nimefika mlangoni ndiyo nikakumbuka kwamba seva yetu iko Ulaya na saa yake iko nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Mbili ya kule ndiyo kumi na moja yetu ya alfajiri. Hakukosea. Siku hiyo sikulala vizuri.

Miaka yangu miwili ya kuamka, kaiandika kwa alama tano.

Tena akaongeza mengine. Mtandao ukikatika, programu inasubiri dakika tano na kujaribu tena. Ikimaliza, inaandika ripoti nani kapata na nani hakupata. Bosi wetu, mama Leticia, akatuita wote tusimame nyuma ya kiti chake Kefasi atuonyeshe. Mama akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sabina sasa utalala." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, ndivyo tulivyo watu wa wivu. Watu walipotawanyika Kefasi akaendelea kunieleza vitu vingine, sikusikia hata kimoja, nilikuwa naangalia mikono yangu.

Jumatatu ya kwanza niliamka saa ileile bila sababu. Simu ikalia. Ujumbe wa josho, na chini yake jina langu. Sikuutuma mimi. Nilijisikia kama nimeona picha ya sherehe nikajikuta nimo, wakati sikualikwa.

Sasa niandike lile baya, maana blogu hii niliianza ili nisijidanganye. Kuna siku nilimuita Kefasi "mtoto wa wakimbizi". Si kwa mdomo, moyoni. Babu yake alivuka kutoka Burundi, ndiyo, lakini Kefasi kazaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani, ni raia, kitambulisho chake ni kama changu. Na babu yangu mimi ni Mfipa, kaja Mpanda akiwa mtu mzima na mzigo mgongoni. Sasa nani mwenyeji na nani mgeni? Nilijua yote hayo na bado lile neno lilinijia, na niliona raha kuwa nalo.

Haya. Kosa lenyewe ni hili.

Kabla hajaiweka programu kazini, Kefasi alikuja na daftari, akavuta kiti. Akaniuliza: "Dada, kabla ya kubonyeza, kuna kitu kingine unachofanya?" Nikamwambia hakuna. Kesho yake akarudi na swali lilelile. Nikamwambia, "Hakuna, mdogo wangu. Nabonyeza tu."

Uongo.

Kila Jumapili jioni nilikuwa nampigia mzee Lugwisha, mtunza josho. Anaanza na salamu, "Mwadila, mayu," yaani mama, namuitikia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, anacheka, kisha namuuliza neno moja: kuna amani huko? Akisema kwema, asubuhi nabonyeza. Akisema kuna msiba, sibonyezi mpaka wazike. Maana kule, maiti ikiwa bado iko ndani, hakuna jembe linaloingia shambani wala ng'ombe anayepelekwa josho. Ukiswaga mifugo kupita nyumba yenye msiba, watu wanahesabu kwamba umefurahi. Hakuna karatasi ya ofisi iliyoandikwa hilo. Hata mama Leticia alikuwa halijui. Nililijua mimi, kwa sababu mwezi wangu wa kwanza mzee Lugwisha alinikalisha chini na kunifundisha.

Kwa nini sikumwambia Kefasi? Nilitaka kibaki kitu kimoja ambacho bila mimi hakiendi.

Na si hilo tu. Kefasi alipendekeza ujumbe umalizie na jina la ofisi, kwa kuwa si mimi tena ninayetuma. Nilikataa katakata kwenye kikao. Jina langu libaki. Wakaliacha. Halafu, ili kukamilisha ujinga wangu, nikaacha kumpigia mzee Lugwisha. Nikajiambia si kazi yangu tena, mwenye kazi ni alama tano. Jumatatu tatu zikapita salama na kila moja niliisindikiza nikiomba ianguke.

Juzi ikaanguka.

Mke wa mzee Lugwisha, mama Kabula, alifariki Jumapili mchana. Sikujua, kwa sababu sikupiga simu. Usiku ule watu walilala pale nyumbani kwake, wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani na marehemu. Saa kumi na moja alfajiri simu zikalia zote kwa pamoja, mfukoni mwa huyu, chini ya kanga ya yule. "Habari njema, wafugaji. Leo ni siku yetu ya josho. Amkeni, leteni ng'ombe wote. Dada Sabina."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Ile "habari njema" niliiweka ili ujumbe usiwe mkavu.

Mfugaji mmoja wa kambi ya mbali alikuwa hajapata taarifa ya msiba. Akatii ujumbe. Akaswaga kundi lake lote kwenda josho, na njia ya kwenda josho inapita mbele ya nyumba ya mzee Lugwisha, kengele za ng'ombe zinalia. Watu waliinuka na fimbo. Wazee wakaingia kati, yule mfugaji akaomba radhi kwa magoti, na simu yake ndiyo ikawa ushahidi wake. Jua linachomoza, vitongoji vyote vimeshasema hakuna atakayeleta ng'ombe kwa neno letu tena. Na mvua ndiyo hizo zinakuja, na kupe nao.

Mzee Lugwisha alinipigia mwenyewe. Afadhali angenitukana. Alisema taratibu, "Sabina, mayu, wewe ulikuwa unauliza. Mara hii mbona hukuuliza?" Nikasema pole baba, pole sana, na nikasikia simu imekatwa.

Ofisini mama Leticia alikuwa amefura. Kwake yeye, aliyekosea ni programu, na programu ni ya Kefasi. Kefasi yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio na inaisha Ijumaa hii. Mama akasema, "Jumatano tutakaa. Kama mashine yake haijui msiba, basi na yeye arudi alikotoka." Arudi alikotoka. Mtu wa Mishamo maneno hayo kayasikia tangu yuko tumboni. Kefasi aliangalia meza. Kapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwangu, kanunua godoro mwezi uliopita, kamwambia mama yake kwamba kapata kazi ya ofisini. Mimi nilikuwa nimekaa mkono mmoja kutoka alipo, na nilinyamaza.

Nilinyamaza Jumatatu nzima. Nikanyamaza na jana.

Jana Kefasi hakulalamika kwa mtu. Alikaa anaandika maelekezo ya mfumo wote, ili atakayebaki asipate shida. Lile faili akaliita "Kwa dada Sabina". Na hapa niseme kweli tupu: jana mchana, nilipoliona, kwa muda mfupi nilifurahi. Niliziona Jumatatu zangu zinarudi. Nikaanza hata kupanga maneno mapya ya ujumbe. Nilipogundua ninachokifanya nilitoka nikaenda kusimama chooni, sikuwa na haja ya choo.

Leo saa nne tumekaa.

Nilikwenda na uongo wangu umeshapigwa pasi. Nilijua Kefasi atasema "nilimuuliza dada Sabina", na mimi ningejibu kwamba sikumbuki, kazi zilikuwa nyingi siku ile. Mama Leticia akamuuliza aeleze. Kefasi akasimama, akasema, "Kosa ni langu, mama. Sikuijua mila ya kule." Akakaa. Hakutaja jina langu. Nikabaki na jibu langu mdomoni, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Sijui kwa nini ndiyo kitu kilichonijia kichwani.

Nikasema, "Mama, aliniuliza. Mara mbili. Nikamwambia hakuna kitu."

Mama akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Kila Jumapili nilikuwa napiga simu."

"Ukamficha kwa nini?"

Nilikuwa na sababu kama tatu zilizovalishwa suti. Nikazitazama zote. Nikasema, "Wivu, mama."

Mama Leticia alivua miwani akaifuta kwa pindo la kitenge muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Kefasi anabaki. Kuanzia leo mfumo wote wa ratiba uko chini yake, na mimi nikitaka kugusa kitu nitamuomba yeye. "Na kesho nyie wawili mnakwenda msibani. Kefasi atakaa. Sabina ndiye atakayeongea." Hakunifukuza. Nilitamani kidogo anifukuze, ningepata cha kulalamikia.

Baadaye nilimkuta Kefasi kwenye ngazi za nyuma anakula muhogo wa kuchoma. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanimegea kipande kwanza. Halafu akaniambia kitu ambacho tangu saa saba mchana nakizunguka tu.

Alijua.

Hakujua ni nini, ila alijua kipo. Siku zake za mwanzo alipitia kumbukumbu za mfumo wangu, akaona kuna Jumatatu ambazo sikutuma, nikatuma Jumatano au Alhamisi. "Nikasema mtu aliyeamka na malaria akabonyeza, hawezi kuacha kubonyeza bila sababu. Ndiyo maana nikakuuliza mara mbili."

"Nikakwambia hakuna."

"Ukaniambia hakuna. Basi nikaona ni kitu chako, hujataka kunipa. Nikakuachia mlango."

Mlango gani? Akafungua laptopu pale pale kwenye ngazi. Juu ya programu yake, kabla ya amri ya kutuma, kuna mistari minne. Inaangalia kama kuna ujumbe umeingia tangu Jumapili wenye neno SUBIRI. Ukiwepo, programu inalala, haimtumii mtu yeyote, inangoja mpaka iambiwe. Na neno hilo haliwezi kutumwa na yeyote. Si mama Leticia, si Kefasi mwenyewe. Kuna namba moja tu ya simu inayokubalika.

Ni yangu.

"Nilikueleza siku ile dada," akasema. "Ile siku ya makofi."

Nimekaa hapa barazani na maji ya beseni yameshakuwa ya uvuguvugu. Mwezi mzima nimekesha na kijiba, nimedanganya, nimeombea mabaya, nimemtia aibu mzee wa watu mbele ya maiti ya mkewe, yote ili nipate kitu kimoja ambacho bila mimi hakiendi. Nilikuwa nacho tangu Jumatatu ya kwanza. Mtu niliyemnyima ndiye aliyenipa.

Nilidhani nikisema ukweli wivu utaondoka, kama mtu anavyotapika akapata nafuu. Haujaondoka. Umehama tu. Programu siionei wivu tena, hata kidogo. Sasa namuonea wivu Kefasi kwa roho yake, na hiyo hakuna chuo nitakachokwenda nikafundishwa.

Kesho saa tatu tunaondoka na pikipiki. Nitaketi kwenye mkeka, mzee Lugwisha atakuwa mbele yangu, watu wake wote wananitazama wakijua ni yule Sabina. Atanisalimia kwanza, namjua, hata kwenye msiba wake atanisalimia kwanza. Nikishaitikia, nitamwambia nini?